Yupo au Hayupo? Heroe wa Ziwa Natron na Kiwanda cha Magadi

Tuchukue mfano wa mtaalamu mmoja aliyetumwa Ziwa Natron kwa muda wa majuma mawili. Kazi yake ni kuandika ni wanyama gani wanaoishi mahali panapokusudiwa kuchimbwa madini. Amefika wakati wa kiangazi, amepiga hema karibu na kijiji cha Engare Sero, na kila siku amepanda kilimani na darubini yake kabla jua halijawa kali. Ameona pundamilia, mbuni na swala. Upande wa ziwani ameona gamba la magadi lenye rangi nyekundu iliyofifia, na hewa ya joto inayochezacheza juu yake hata macho yakachoka. Ndege wachache wamesimama mbali, penye maji. Kiota hata kimoja hakukiona. Siku ya mwisho anaichukua fomu yake, na katika safu ya “mazalio ya ndege” anaandika neno moja tu: hakuna.

Je, mtaalamu huyo amesema uongo? La. Ameandika alichokiona. Hata hivyo neno lake moja linaweza kumpotosha kila atakayelisoma baada yake, kuanzia mhandisi mpaka waziri, kwa sababu katika ziwa hilo ambalo fomu inasema halina mazalio ndimo wanamozaliwa karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki.

Makala haya yanahusu tofauti iliyopo baina ya maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachukua kuwa ni mamoja: “hakuonekana” na “hayupo”. Katika sayansi ya wanyama maneno hayo yako mbali sana, na umbali huo hupimika kwa hesabu.

Ziwa la magadi

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya, katika Bonde la Ufa. Urefu wake ni kama kilometa 57 na upana kama kilometa 22, lakini kina chake hakifiki meta tatu, na mahali pengi mtu mzima angeweza kusimama humo bila kulowa magoti, kama angeweza kuvumilia. Maji huingia kwa mto Ewaso Ng’iro wa Kusini utokao Kenya, kwa vijito vinavyoshuka kutoka kwenye ngazi za bonde, na kwa chemchemi za moto zilizo kandokando. Mto utokao humo haupo. Maji huondoka kwa njia moja tu, nayo ni kukaushwa na jua. Kila yanapokauka huacha nyuma chumvi ziitwazo magadi, ambazo kwa maelfu ya miaka zimejilimbikiza na kuyafanya maji yawe makali kama sabuni ya kuchomea ngozi. Kusini mwa ziwa umesimama Oldoinyo Lengai, volkano ambayo lava yake, tofauti na lava ya volkano nyingine zote zilizo hai duniani, ina magadi kwa wingi. Mlima huo ulilipuka tena mwaka 2007, katika miezi ile ile ambayo mjadala tutakaousimulia hapa ulikuwa umepamba moto.

Wananchi wa pwani na bara wanayajua magadi tangu zamani. Hutiwa katika maharage ili yaive upesi, na katika ugoro. Viwandani matumizi yake ni makubwa zaidi: bila magadi yaliyosafishwa ni vigumu kutengeneza kioo, sabuni, karatasi na vitambaa. Nchi yenye magadi mengi ikiyanunua nje kwa fedha za kigeni ina haki ya kujiuliza kwa nini. Swali hilo si la kipuuzi, na wanaolicheka husahau kwamba chupa ya dawa hospitalini nayo imetengenezwa kwa magadi.

Ndege ambaye alikozaliwa hakukujulikana

Heroe, ambao watu wengi siku hizi huwaita flamingo, wako wa aina mbili katika maziwa yetu. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi na mweupe zaidi. Heroe mdogo, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Phoeniconaias minor, ana rangi ya waridi iliyokolea, mdomo wa rangi ya zambarau iliyoiva mno, na idadi kubwa ajabu. Inakisiwa kwamba Afrika Mashariki ina heroe wadogo kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, yaani kama robo tatu ya wote waliopo duniani. Chakula chao ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu, ambao husitawi katika maji ya magadi. Ndege huupindua mdomo wake juu chini, huvuta maji, kisha huyasukuma nje kupitia vichujio vyembamba kama nywele vilivyo ndani ya mdomo. Rangi yake hutoka katika mwani huo huo.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaona heroe hawa kwa mamilioni huko Nakuru, Bogoria, Manyara na kwingineko, wala wasijue wanataga wapi. Mazalio yao yalikuja kugunduliwa na Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyekuwa Kenya na ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege. Mwaka 1954 aliruka kwa eropleni juu ya Natron, akaona kundi kubwa la heroe limeatamia katikati ya magadi. Hakuridhika. Akataka kufika kwa miguu. Gamba la magadi lilimvunjikia chini ya nyayo, tope la moto lenye chumvi likaingia katika viatu vyake, na alipofanikiwa kurudi ufukweni miguu yake ilikuwa imeungua vibaya hata akalazwa hospitali kwa majuma kadhaa. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Kwa makusudi yetu tukisome kwa namna nyingine: kinaeleza kwa nini heroe wamepachagua mahali hapo. Palipomshinda mtu pamewashinda pia fisi na mbweha.

Heroe jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha udongo kinachofanana na ndoo ndogo iliyopinduliwa. Wazazi huliatamia kwa zamu kwa muda wa siku kama 28. Kinda likitoka hukaa kiotani siku chache, kisha hujiunga na makundi ya makinda wenzake, makundi ambayo huweza kufika makumi ya maelfu na ambayo hutembea katika magadi kuelekea penye maji yasiyo makali. Yapita zaidi ya siku 70 kabla kinda halijaweza kuruka. Ukijumlisha, tangu yai mpaka kuruka ni zaidi ya miezi mitatu.

Katika muda wote huo maji lazima yawe ya kadiri. Yakipanda yatafunika viota. Yakishuka mno, gamba litakauka na kukaza, na fisi watapata daraja. Mwaka ambao kadiri hiyo inapatikana, mazalio huwa makubwa ya kustaajabisha. Mwaka ambao haipatikani, heroe hawatagi kabisa, au hutaga na kuyaacha mayai. Kwa kuwa ndege huyu huishi miaka mingi, baadhi yao makumi ya miaka, jamii yake huweza kustahimili miaka mitupu kadhaa mradi miaka mizuri itokee baina yake. Hapo ndipo hesabu ya mtaalamu wetu wa majuma mawili inapovurugika.

Maombi ya mwaka 2006

Mwaka 2006 ulianza kuzungumzwa mpango wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya Natron, ambacho kingetoa tani 500,000 kwa mwaka. Wenye mpango walikuwa Shirika la Maendeleo la Taifa pamoja na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Maji ya chumvi yangepigwa pampu kutoka ziwani, yangesafishwa kiwandani, na shehena ingesafirishwa kwa barabara na reli ambazo zingepaswa kujengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa namna hiyo ufanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Aidha, tangu mwaka 2001 Bonde la Ziwa Natron, eneo la zaidi ya hekta 224,000, limeandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ripoti ya tathmini ilitolewa mwaka 2007, ikajadiliwa hadharani, na wataalamu wa ndege wa nchini na wa nje wakasema kwamba haikuwa na utafiti wa kutosha kuhusu heroe na kuhusu mwenendo wa maji. Mwaka 2008 kampuni ya Tata ilijitoa, na kiwanda hicho hakikujengwa.

Katika mjadala ule yalisemwa mengi, na si yote yalikuwa ya kisayansi. Wako waliosema kwamba wageni wanawapenda ndege kuliko Waafrika. Wako waliojibu kwamba kila senti ya kiwanda ingekwenda ng’ambo. Mimi naona swali lililostahili kuulizwa kwanza lilikuwa dogo na gumu kuliko hayo: ili mtu aweze kusema kwamba sehemu fulani ya ziwa haitumiwi na heroe kuzalia, ingempasa aitazame kwa muda gani?

Hesabu ya kutoona

Mvuvi akitupa wavu mara moja na kutoa kambare wawili, hawezi kusema kwamba bwawa halina perege. Jambo hilo kila mvuvi analijua. Sayansi imelitia katika tarakimu.

Tufanye kwamba katika miaka kumi heroe huzaa mahali fulani kwa mafanikio miaka mitatu tu. Tarakimu hii ni ya mfano. Mtu anayefika mwaka mmoja, hata akifika katika mwezi unaofaa na kupekua kila pembe, ana nafasi tatu katika kumi za kuyaona mazalio, na nafasi saba katika kumi za kutoyaona. Akirudi mwaka wa pili, nafasi ya kutoona miaka yote miwili ni saba ya kumi ya ile saba ya kumi, yaani 49 katika mia. Mwaka wa tatu inakuwa kama 34 katika mia. Maana yake ni kwamba baada ya miaka mitatu ya kazi safi, ambayo hakuna mkandarasi apendaye kuigharimia, bado tuna nafasi moja katika tatu ya kuandika “hakuna” mahali palipo na mazalio. Ili nafasi hiyo ishuke chini ya tatu katika mia ingebidi tutazame miaka kumi.

Hesabu hiyo ina sharti moja ambalo husahauliwa mara nyingi. Kila safari lazima iwe huru na nyingine. Safari tatu katika kiangazi kimoja ni sawa na safari moja iliyogawanywa vipande vitatu, kwa maana maji yaliyowakataza heroe kutaga mwezi wa kwanza yatakuwa yale yale mwezi wa pili na wa tatu. Nimewahi kuona ripoti, si ya Natron, iliyojisifu kwa “ziara kumi na mbili za uwandani”, na zote zilikuwa zimefanywa katika majuma matano. Idadi ya ziara ilikuwa kubwa. Maarifa yaliyopatikana yalikuwa ya ziara moja.

Je, basi kila mradi ungoje miaka kumi? Hapana. Ila wapimaji wasiitegemee njia moja ya kutazama kwa macho. Ndege aliyekwisha kuondoka huacha nyuma alama, na anayejua kuzisoma anaweza kuirudisha nyuma saa.

Ushahidi usiopigwa na upepo

Alama ya kwanza ni vichuguu. Kiota cha heroe ni udongo na magadi yaliyokauka, na kikikauka huwa kigumu. Ndege wakishaondoka, viota hubaki mpaka maji yapande na kuviyeyusha. Hivyo mtu anayepita juu kwa eropleni katika mwezi ambao hakuna ndege hata mmoja anaweza bado kuviona vichuguu vimepangana kwa maelfu, kila kimoja kikiwa mbali na jirani yake kwa kadiri ya urefu wa shingo na mdomo wa ndege aliyeatamia. Wakati mwingine mayai yaliyoharibika na mizoga ya makinda huwa ingali imelala baina yake, imehifadhiwa na chumvi kama nyama ya ng’onda.

Eropleni nayo ina adabu yake. Heroe walioatamia wakishtushwa huondoka kwa wingi, na mayai yakiachwa juani Natron hayachukui muda kuharibika. Mpimaji akiruka chini sana ili ahesabu vizuri anaweza kuyaua mazalio yale yale aliyokuja kuyathibitisha, kisha akaandika kwa unyofu kabisa kwamba safari ya pili hakuyakuta. Droni za siku hizi ni ndogo na hazina kishindo kikubwa, lakini nazo zikishuka mno hutisha. Kwa sababu hiyo picha za setilaiti zimekuwa msaada mkubwa. Zinaonyesha maji yalifika wapi mwezi gani na mwaka gani, kwa miongo kadhaa nyuma, na hivyo mtu anaweza kuilinganisha miaka ambayo mazalio yaliandikwa na hali ya maji ya wakati ule. Mwaka wa leo unapokuwa mtupu, anaweza kuuliza kama maji ya leo yalikuwa ya namna ambayo ingewaruhusu ndege kuzaa. Kama hayakuwa, utupu huo hauthibitishi chochote.

Alama nyingine ni watu. Wafugaji wa Kimasai wanaoishi kando ya ziwa hupita huko kila siku ya mwaka, si majuma mawili. Lakini kuuliza nako ni ufundi. Mgeni akitoa kitabu chenye picha ya ndege na kuuliza, “Mnamwona huyu?”, mwenyeji mwenye adabu huona vibaya kumnyima jibu analolitaka. Mpimaji mwenye uzoefu humwacha mzee aeleze mwenyewe: ndege gani, rangi gani, mwaka wa mvua gani, makinda walitembea kuelekea wapi. Katika picha zake huchanganya ndege ambao hawajapata kuwapo Natron kamwe. Akiambiwa kwamba hao pia huonekana, anajua kuwa maswali yake yana kasoro.

Mwaka 1962 na dai la “watahamia kwingine”

Dai moja lililosikika mwaka 2007, na ambalo litasikika tena, ni kwamba ndege ana mabawa na akisumbuliwa atakwenda kwingine. Dai hilo limekwisha kujaribiwa na maumbile yenyewe. Mwaka 1962 Natron ilifurika, viota vikafunikwa, na heroe wadogo wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, ambako kiwanda cha magadi kilikuwapo tangu mwanzo wa karne. Walitaga huko kwa wingi mno. Ila maji ya Magadi yalikuwa makali kupita kiasi: magadi yaliganda katika miguu ya makinda yakawa kama pingu za mawe, wasiweze kutembea wala baadaye kuruka. Watu waliingia ziwani kuwanusuru, wakazivunja pingu hizo kwa mikono, na inasemekana makinda kama 27,000 yalifunguliwa hivyo, mengine mengi yakiswagwa kwenda penye maji mepesi. Wengi walikufa.

Haifai kuficha mfano unaoelekea upande mwingine. Katika Botswana kuna uwanda wa chumvi uitwao Sua, ambako kiwanda cha magadi kimefanya kazi tangu mwaka 1991, na heroe wamezidi kuzaa katika uwanda huo huo. Anayekitetea kiwanda ana haki ya kuutaja. Lakini yampasa aeleze pia kwamba huko maji ya chumvi huvutwa kutoka visima vilivyo chini ya ardhi upande wa kaskazini, na mazalio yako upande wa kusini, mbali na pampu. Tofauti hiyo ndiyo yenye kitu cha kutufundisha. Ili kuijua, ilibidi kwanza ijulikane barabara ndege wanazaa wapi.

Wadogo wa chemchemi

Katika kelele hizo zote za ndege mwekundu, watu wachache sana waliwataja samaki. Ndani ya Natron na chemchemi zake mna perege wadogo, wengi wao wasiozidi urefu wa kidole, walioweza kuishi katika maji ya moto na ya magadi ambayo yangemwua perege wa Ziwa Viktoria mara moja. Wako wa spishi tatu za jenasi ya Alcolapia, na mbili kati yake zilipewa jina la kisayansi mwaka 1999 tu, yaani miaka michache kabla ya maombi ya kiwanda. Heroe mdogo ameorodheshwa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile, IUCN, kama ndege anayekaribia kuwa hatarini. Perege hawa wa Natron wameorodheshwa daraja ya juu zaidi ya hatari. Heroe ana angalau mazalio machache kwingine duniani, huko Botswana, Namibia, Afrika Kusini na India. Perege wa chemchemi hana mabawa, na chemchemi yake ikielekezwa katika bomba hana pa kwenda.

Jambo hili nalo ni sehemu ya elimu ya “yupo au hayupo”. Mpimaji hukiona alichotumwa kukitafuta. Akipewa orodha ya ndege na wanyama wakubwa, atarudi na orodha ya ndege na wanyama wakubwa, na kimya chake juu ya samaki kitahesabiwa baadaye kuwa ni ushahidi kwamba samaki hawapo.

Tuliyoyaona Kihansi

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kwenda mbali ili kuona kosa la namna hiyo linavyogharimu, ingawa mfano ninaoutaja si wa mgodi bali wa umeme. Katika korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, ujenzi wa mtambo wa megawati 180 ulikuwa umekwisha kuanza wakati wataalamu walipogundua, mwaka 1996, chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko na asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Eneo lake lote lilikuwa hekta chache tu. Urefu wake haufiki sentimeta tatu, na badala ya kutaga mayai huzaa watoto wakamilifu. Tathmini iliyotangulia ujenzi haikumtaja kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Mtambo ulipoanza mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iliondolewa katika maporomoko na manyunyu yakakauka. Vyura kama 500 walipelekwa Marekani mwaka huo wakafugwe katika bustani za wanyama. Korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko. Mwaka 2003 vyura waliobaki walitoweka karibu wote, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika makao yake ya asili. Mwaka uliofuata baadhi ya kizazi kilichofugwa ng’ambo walirudishwa nchini, na mwaka 2012 walianza kurejeshwa korongoni. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukilinganisha gharama za mabomba, maabara na safari za vyura kwa ndege na gharama za kuwatuma wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu wapekue manyunyu kwa misimu miwili kabla jiwe la kwanza halijawekwa, utaona hasara ilikuwa wapi.

Fomu na safu zake

Mambo ya Natron hayajawa historia. Magadi yangali pale, mahitaji ya viwanda yanaongezeka, na Shirika la Maendeleo la Taifa limeelekeza macho yake katika bonde la Engaruka, kusini mwa Natron, ambako magadi mengi yamegunduliwa chini ya ardhi. Bonde hilo si ziwa la heroe. Hata hivyo maji ya chini ya ardhi hayana mpaka unaoonekana, na wapimaji wa Engaruka hawana budi kuonyesha, kwa vipimo vya visima vya misimu mbalimbali, kama maji ya bonde moja yanategemea ya bonde jingine.

Na maziwa yenyewe yanageuka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba maji yamepanda katika maziwa mengi ya magadi na mwani umepungua kwa kuwa chumvi imezimuliwa. Ziwa Nakuru liliongezeka eneo kwa karibu asilimia 90 kati ya mwaka 2009 na 2022, na mwani wake ukapungua kwa kiasi cha nusu. Heroe wakikosa chakula kaskazini wataonekana zaidi kusini. Kwa hiyo hata orodha nzuri ya mwaka 2007 haitoshi kumwongoza mtu anayepima leo.

Nirudi kwa mtaalamu wetu wa majuma mawili, ambaye kwa hakika si mtu mbaya. Fomu aliyopewa ilikuwa na safu mbili tu, “wapo” na “hakuna”, na mtu akipewa safu mbili atajaza mojawapo. Afadhali ingekuwa na safu ya tatu, “hakuonekana”, na mbele yake nafasi za kujaza yafuatayo: alitafutwa siku ngapi, katika miezi gani ya miaka gani, kwa njia zipi, maji yalikuwa ya kiasi gani, viota vya zamani vilitafutwa au la, na wenyeji gani waliulizwa. Mtu anayesoma fomu hiyo Dodoma, bila kupata kuliona ziwa, angeweza kujua mara moja kama neno alilopewa lina uzito wa miaka kumi au wa siku kumi na nne za kiangazi.